Sekunde Nne za Wilf Barraclough

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, watu kumi na mmoja wa mji wa Todmorden, Uingereza, walikutana katika ukumbi wa kanisa, kwa hiari yao wenyewe, ili wapigiwe kengele. Chama chao kilikuwa cha kujifunza kuzungumza mbele ya watu, na sheria yake kubwa ilikuwa moja tu: maneno ya kujazia hayaruhusiwi. Ukisema "yaani", kengele. Ukisema "unajua" kumwambia mtu ambaye hajui, kengele. "Kusema kweli" nayo ilipigiwa kengele, maana ilionyesha kwamba mpaka hapo ulikuwa unasema kitu kingine. Aliyekwama alifundishwa anyamaze, ahesabu mpaka tatu au nne, kisha aendelee na neno lililo safi.

Mpiga kengele alikuwa Noreen Sugden, mjane wa miaka sitini na tatu, karani wa shule mstaafu. Kengele yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubonyezwa kwa kidole, na wiki nzima ilikaa mkobani mwake. Noreen hakuwa na huruma. Aliwahi kumpigia mchungaji katikati ya sala ya kufungua mkutano, na mchungaji hakurudi tena. Lakini akishatoka ukumbini, yeye mwenyewe alizungumza ovyo kuliko wote, "yaani" juu ya "yaani", na hakuona tatizo lolote. Kazi ni kazi, alisema.

Wilf Barraclough alivipenda vyote viwili, kengele ya Noreen na "yaani" zake. Kwa miaka thelathini na mmoja Wilf alifundisha watu kuendesha magari: tazama kioo, subiri, tazama tena. Basi sheria ya kunyamaza ilimwingia kirahisi kuliko wenzake wote, na alikuwa na miaka miwili hajapigiwa kengele. Kila baada ya mkutano yeye na Noreen walikwenda kwenye mkahawa ulio kando ya mfereji, wakaagiza chai na kipande kimoja cha keki ya tangawizi wakagawana, Noreen akizungumza na Wilf akisikiliza. Katika muda wote huo hakuwahi kumwambia kwamba anampenda. Alikuwa bado anaitafuta sentensi.

Jumamosi moja ya Novemba Noreen akamweleza kwamba dada yake wa Whitby, huko pwani, ana chumba kitupu na anataka ahamie kwake. Jibu lilitakiwa kesho yake.

"Yaani, sijui, Wilf," alisema akizungusha kijiko. "Whitby si kubaya, unajua. Lakini, yaani, wewe ungependa nibaki?"

Hapo ndipo Wilf alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote mjini asingelifanya. Mtu wa kawaida angeropoka "eeh, yaani, aisee, Noreen," na mambo yangekwisha papo hapo. Wilf alifunga mdomo, akahesabu. Moja: "ndiyo" peke yake ilikuwa fupi mno kwa jambo kubwa namna hii. Mbili: "bila shaka" ilikuwa ya watu wa benki. Tatu: alianza kuipata. Nne: aliipata.

Noreen alikuwa ameshachukua skafu yake.

"Haya," alisema kwa upole. "Nimekuelewa, mpenzi." Hilo la mpenzi halikumpa Wilf nafuu yoyote, kwa kuwa Noreen alimwita hivyo kila mtu, hata dereva wa basi.

Mlango ukafungwa. Wilf akasema, bila doa hata moja, macho yake yakiwa kwenye birika, kwamba angependa sana abaki, kwa sababu siku zake hazina ladha bila yeye. Mhudumu aliyekuwa akifuta meza ya pili alimshukuru, akasema lakini ana mchumba.

Jioni alimpigia simu. Noreen alimwambia hana haja ya kujieleza, wao ni watu wazima, na dada yake ameshanunua mapazia. Wilf akaanza kumweleza kwamba pale mkahawani alinyamaza kwa mujibu wa sheria. Bahati mbaya, kabla ya neno "sheria" alinyamaza tena, na Noreen akaaga.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwa Noreen. Mwenyekiti, Audrey Thewlis, alileta keki ya kumuaga, na ikakubaliwa kwamba mkutano ukiisha atamkabidhi Audrey kengele. Wilf alikuja na shati lililopigwa pasi na hotuba ya sentensi tisa mfukoni. Kumbe siku hiyo ilikuwa zamu ya kuzungumza bila maandalizi, kila mtu akichota karatasi kwenye kofia na kusema dakika mbili juu ya kilichoandikwa. Aliomba asome yake. Audrey akamwambia taratibu ni taratibu. Wilf akachota, akapata "Mwavuli".

Alisimama. Noreen alikuwa ameinamia daftari lake, kidole juu ya kengele. Wilf alifungua mdomo, na neno halikuja. Mafunzo yake yote yalimtaka anyamaze. Ndipo Noreen alipoinua macho, na Wilf akaona kwamba anakingoja kile kimya, kwamba ameshajiandaa nacho. Hofu ikamshika vibaya. Akinyamaza sasa, hata kwa sekunde moja, amempoteza.

"Mwavuli," alisema. "Yaani, mwavuli, unajua, ni kitu cha, yaani, Noreen, mimi sina habari na mwavuli."

Kengele, kengele, kengele.

"Kusema kweli, eeh, pale mkahawani, unajua, nilikuwa natafuta neno, yaani, neno zuri, na wewe ukaondoka, na mimi, sijui nini, mimi nataka ubaki. Yaani nataka. Kusema kweli nataka tangu, unajua, tangu ile keki ya kwanza. Na Whitby, yaani, Whitby kuna upepo, Noreen, eeh, kuna upepo sana."

Noreen alipiga kila moja. Hakuruka hata moja. Mzee wa safu ya nyuma alitoa kifaa chake cha kusikilizia, akakitia mfukoni. Audrey aliinua kadi nyekundu ya muda, akaishusha, akaiinua tena, na Wilf akaendelea mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akaketi, ameaibika kama hajawahi kuaibika maishani.

Mwisho wa mkutano mwenye kengele husoma hesabu. Noreen alisimama.

"Wilf Barraclough," alisoma. "Yaani, ishirini na nne. Unajua, kumi na tano. Kusema kweli, tisa. Eeh, kumi na mbili. Sijui nini, moja."

Audrey alitangaza kwamba hiyo ni rekodi mbaya kuliko zote tangu chama kianzishwe, na itaandikwa kwenye kumbukumbu. Noreen akamwambia hajamaliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kunyamaza," alisoma. "Hakuna."

Keki ikakatwa, chai ikamiminwa. Audrey akanyoosha mkono apewe kengele kama walivyokubaliana. Noreen akaitia mkobani mwake na kufunga zipu.

"Jumamosi nitakuja nayo," alisema. "Yaani, kama kawaida, unajua."

Hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpigia.