Mama Mkwe Kwenye Foleni ya Bomba

Mwaka ule wa ukame lambo la Shinyanga lilibaki tope, na wakuu wa mji wakaamua kila nyumba ipate madebe mawili kwa siku. Bomba la mtaa wa Ngokolo alipewa Masele alilinde. Tangi lake ndilo lililopeleka maji hospitali pia, na msimamizi alishamwonya: likikauka tena mchana, atafute kazi nyingine.

Masele hakuogopa mtu, ila mama mkwe wake. Mama Justa alikuja mjini kumsaidia bintiye kujifungua, akafikia kwa dada yake hapo Ngokolo. Kwa Wasukuma wa rika lao, mama mkwe hatazamwi wala hasemeshwi. Basi kila mama huyo alipotokea kwenye foleni, Masele aliacha bomba wazi akajificha nyuma ya tangi mpaka aondoke.

Mpika pombe mmoja aitwaye Sikujua aliliona hilo mapema. Akaanza kumpitia Mama Justa kila asubuhi na kumbebea debe. "Twende, mama, usichoke peke yako." Masele akipotea, mapipa ya Sikujua yanajaa. Mama alidhani watu wa mjini wana upendo. Masele huko nyuma alisikia maji na vicheko. Angeweza kumtuma mkewe aseme na mama yake, lakini aliona haya: amkataze vipi mkwe maji?

Justa akajifungua. Mama alipokwenda kumwona hospitali, alikuta mtoto hajaogeshwa. Nesi alilalamika kwamba tangi limekauka tena, kwa sababu mlinzi wa Ngokolo humkimbia mkwewe na mji mzima unamcheka. Hakujua anayemwambia ni nani.

Kesho yake Mama Justa alikuja na debe lake. Masele akageuka aondoke, Sikujua akasogeza pipa.

"Masele," mama akaita.

Foleni nzima ikageuka. Jina la mkwe halitajwi.

"Rudi ufunge bomba. Mjukuu wangu amelala na damu ya jana."

Masele akarudi ameinamisha kichwa, akafunga.

"Kumbe mkwe ana sauti," Sikujua akasema. Hakuna aliyecheka. Mama alijifunika uso kwa kanga, akaondoka, debe akaliacha.

Jioni msimamizi alikuta tangi lina maji, akamsifu Masele mbele ya watu. Masele alitazama miguu yake. Alikuwa amelijaza lile debe tangu asubuhi, na kila mwanamke aliyemwomba ampelekee mama aliyevunja mwiko alitazama pembeni.