Chuma Ndani ya Goti

Gizani nilisikia kishindo kidogo cha mguu mmoja, kimya, kisha kishindo tena. Binti yangu alikuwa akienda chooni kwa kurukaruka, mkongojo kauacha kitandani ili nisiamke. Nikajifanya nimelala. Kukipambazuka tungekwenda kupasha goti moto.

Ndivyo alivyokuita mwenyewe. Juma lililotangulia, daktari alikuwa amemdunga, ndani ya uvimbe uliokuwa ukimla goti, maji meusi yenye chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi. Katika madarasa yangu ya jioni nilifundishwa kwamba sumaku huvuta chuma, basi. Daktari akaniongezea somo: nguvu ya sumaku ikigeuzwageuzwa kwa kasi, chembe zile hupata joto, uvimbe ukaungua kutoka ndani, nyama iliyo salama isiguswe. Ulikuwa bado utafiti, lakini mimi niliushika kwa mikono miwili. Mdogo wangu wa kike, akidhani mtoto yuko nje, alininong'oneza jikoni: "Hii ikishindikana, wanakata mguu." Mlangoni pakapita kivuli. Mtoto akinyamaza, usidhani masikio yake yamelala.

Chumba cha mtambo wa sumaku hakikutaka chuma kingine chochote. Nilivua hereni, pini za nywele, hata sidiria kwa sababu ya vikulabu vyake.

"Mama, humu ukibakiwa na gauni, shukuru," fundi wa mtambo akanitania. Kicheko changu kilikwama njiani.

Daktari aliinama hadi uso wake ukalingana na wa mwanangu. "Huu uzi tuliouchomeka gotini unanisomea joto la ndani ya uvimbe tu. Pembeni yake sioni kitu. Pakiunguza popote, sema papo hapo. Tumeelewana?"

"Ndiyo," akajibu, macho darini.

Mtambo ukaanza kuvuma. Hadi leo friji ikivuma jikoni, kiganja changu hujikunja chenyewe, kama kinatafuta kile kiganja kidogo. Tarakimu za joto kwenye skrini zilipanda polepole, zikafika pale daktari alipopataka, zikatulia.

"Huyu jasiri," fundi akasema. "Watu wazima humu huita mama zao."

Nilikuwa naanza kujivuna. Ndipo nikaona vidole vya mguu wake mzima vimeng'ang'ania shuka, na jasho limesimama juu ya mdomo.

"Panauma, mwanangu?"

Akatikisa kichwa, meno yameumana.

Nami nilitaka kumwamini, jamani. Tarakimu zilikuwa mahali pake. Kila dakika ya joto lile ilikuwa dakika ya kuunusuru mguu. Lakini mkono wake ulikuwa unaniminya kwa nguvu ambazo mtoto asiyeumia hana.

"Daktari, anaungua. Hasemi tu."

Kidole cha daktari kikawa tayari juu ya kitufe. "Nitazima. Lakini asiponionyesha ni wapi, nitasogeza nini? Tutawasha tena, ataungua palepale."

Nikapiga magoti, mdomo wangu sikioni mwake. "Ulimsikia mama mdogo kule jikoni."

Chozi moja likateleza kuelekea sikio lile lile.

"Mama mdogo hajui kazi ya humu. Wakizima, hawakati. Wanapoza, wanasogeza, wanawasha tena. Ukivumilia ndiyo unawaharibia. Mguu huu, mwanangu, hautetewi kwa kuuma meno."

Akamgeukia daktari, si mimi. Akamtazama kama mtu mzima anavyomtazama muuzaji kabla ya kukubali bei. Daktari hakutabasamu wala hakumbembeleza.

"Mama yako anasema kweli," alimwambia. "Kesho utarudi hapa na miguu yote miwili. Nionyeshe."

Aliuachia mkono wangu, akafungua mdomo, na sauti ikatoka wazi, juu ya mvumo wa mtambo:

"Panaunguza hapa, nyuma ya goti."