Mafuta ya Nyonyo kwa Mashine ya Usharika

Mwanzoni mwa mwaka 1957, mfereji wa Suezi ulipokuwa umefungwa, mafuta ya mitambo yaliadimika hata katika maduka ya Mbeya mjini. Mashine ya kusaga ya usharika wetu wa milimani ikaanza kulia katika beringi zake. Kama zingeungua, akina mama wangelazimika kubeba mahindi hadi Chimala na kurudi na unga mgongoni katika mvua ile.

Mzee Saulo, kiongozi wa wazee wa kanisa na mwangalizi wa mashine, alimwita Liberatus, fundi kutoka Ipogolo. Fundi alishika beringi, akauondoa mkono upesi kwa sababu ya moto, akakataza mashine isizungushwe tena bila mafuta. Kisha akasema hapakuwa na haja ya kungoja meli. Wanunuzi wa Iringa walikuwa wakikusanya mbegu za nyonyo kwa magunia, zipelekwe Ulaya kukamuliwa mafuta ya mitambo. Naye mwenyewe alikuwa amelainisha mashine nyingi kwa mafuta hayo.

"Nipatie kibuyu kimoja tu, Mzee, na kesho mnasaga."

Fundi akatazama nyumba zilizotapakaa mlimani.

"Mbona sioni hata mti mmoja? Kwetu Wakatoliki minyonyo huota hata jalalani. Ninyi mmeilaani?"

Alikuwa akifanya mzaha, lakini wazee waliokuwapo walitazama chini. Miaka minne nyuma, Saulo ndiye aliyeamuru minyonyo yote ikatwe, kwa kuwa mabibi walikuwa wakimpaka mwali mafuta yake siku ya kutolewa ndani, naye aliiita desturi hiyo upagani. Kila nyumba ilitii ila moja. Ikupa, mjane, alimpaka mjukuu wake Atuganile waziwazi, akakataa kukata minyonyo yake. Saulo akamtenga na Meza ya Bwana.

Sasa alitaka kumtuma mwinjilisti kwa Ikupa. Wazee wakamwambia kwa upole kwamba aliyekwenda kumtenga ndiye afaaye kwenda kumwomba. Akaenda mchana, watu wakimwona.

Ikupa alipiga magoti kumwamkia, kama ilivyompasa, akamwekea kigoda barazani. Saulo alizungumza habari za mvua, kisha za mahindi, kisha akakosa habari nyingine.

"Nimekuja kuomba mafuta, Bibi Ikupa."

"Ya kumpaka nani, Mzee?"

"Ya mashine."

"Afadhali. Mashine haikubatizwa, basi haitatengwa."

Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mafuta yaliyokwisha kuchemshwa na kuchujwa, akakiweka miguuni pa mgeni wake. Hakutaka malipo. Wema huo ulimchoma Saulo kuliko mzaha wa Ikupa, naye, akitafuta pa kujificha, akaahidi kuwaambia wazee wamrudishe Mezani Jumapili hiyo hiyo.

Ikupa akatikisa kichwa. "Kama nilitenda dhambi, kibuyu hiki hakiwezi kuiondoa. Na kama sikutenda, Mzee, ulinitoa kwa nini?"

Saulo, aliyefundisha katekisimu kwa miaka mingi, aliinuka kigodani. Akateremka na kibuyu mikononi, maana kilikuwa kikubwa mno kufichika chini ya koti.

Siku iliyofuata mashine ilisaga bila kulia. Akina mama walimshukuru njiani, naye kila aliposhukuriwa aliharakisha mwendo kama mtu anayedaiwa.

Jumapili, wazee walipoitwa kugawa kikombe, mahali pa Saulo palikuwa patupu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, wanapokaa waliotengwa. Mchungaji alingoja, kisha akamwita kwa jina.

"Siwezi kugawa," Saulo alijibu, akisimama. "Nilimtoa Bibi Ikupa, naye ameniuliza sababu, nami sina. Arudishwe yeye kwanza. Habari yangu mtaiamua baadaye."

Saulo akaketi tena, nusu ya mwili wake nje ya benchi, kwa kuwa lilikuwa limejaa. Ikupa, aliyekuwa karibu naye, hakumtazama. Alivuta kanga yake upande mmoja, akasogea, akamwachia nafasi.