Somo la Madereva

Mzee Oryem alikuwa mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote. Kila Alhamisi, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, tuliwafundisha Waacholi wenzetu waliofika Maine, Marekani, karibuni mambo ya huku: taka hutolewa siku gani, mwalimu wa mtoto hujibiwa vipi, na askari akikusimamisha barabarani ufanye nini. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Tulipanga viti vikawa gari, mimi nikawa askari, na kila nilipomkaribia aliinuka, akavua kofia, akaja kunipa mkono.

"Mtu mkubwa amesimama, mimi nimekaa tu?" aliniuliza. "Huo si utovu wa adabu, Aber?"

"Huku adabu ni kukaa, Mzee. Mikono juu ya usukani, aione. Ukishuka utazikwa na adabu zako."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana mwaka uliotangulia niliitwa kutafsiri kwenye msiba wa namna hiyo, na mpaka leo sipendi kuusimulia. Nikamkalisha tena na tena mpaka akazoea. Mkewe, Abalo, hakuwahi kuhudhuria. Somo lilikuwa la madereva, na yeye haendeshi.

Jumapili moja ya Januari walinipa lifti kwenda kanisani. Nilikaa mbele na Oryem. Abalo alikuwa nyuma, amejifunika shuka nene, sufuria ya mboga ya malakwang mapajani. Hatujafika darajani, taa za buluu za polisi zikaanza kumulika kwenye kioo. Nikamwambia Oryem asogee pembeni polepole.

Alifanya kila kitu sawasawa. Alizima gari, akashusha kioo, akaweka mikono juu ya usukani. Vidole vilikaa pale pale, nami nikaona fahari. Askari aliyeshuka nyuma yetu alikuwa kijana. Alikuja taratibu, mkono karibu na kiuno.

Ndipo nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka.

Leseni ya Oryem ilikuwa kwa Abalo. Tangu kambi ya wakimbizi, karatasi zote za familia hukaa kwenye kitambaa anachojifunga kiunoni, na mume hatembei na hata kitambulisho. Sasa mumewe ataulizwa karatasi, na karatasi anazo yeye, atabakije ndani? Tena mtu wa heshima anakuja kwa miguu kwenye baridi, na hakuna hata mmoja aliyetoka kumpokea.

Nilimwita, hakugeuka. Kioo cha ubavuni kilinionyesha yote. Abalo alikuwa akimwendea askari, kichwa ameinamisha, mkono wa kulia umezama ndani ya shuka ukipapasa fundo la kile kitambaa. Askari alipaza sauti: simama, onyesha mikono. Kiingereza cha Abalo ni "asante" na "baridi", basi. Akaendelea kutembea. Bastola ikatoka.

Nikapiga kelele kwa Kiacholi atoe mkono. Lori likapita na sauti yangu ikapotea humo.

"Nishuke?" Oryem alisema. Naye alikuwa akitazama kioo cha upande wake. "Aber, nishuke?"

Askari mmoja mwenye woga, na watu wawili wanaomjia. Nilijua inapoishia hesabu hiyo.

"Usishuke."

Abalo alifika mbele ya bastola, akapiga magoti kwenye theluji. Ndivyo mwanamke wa kwetu anavyomsalimia mkubwa: magoti chini, macho chini, viganja pamoja. Ili aviunganishe viganja, ilibidi autoe mkono ule uliokuwa ndani ya shuka. Ukatoka mtupu. Askari alibaki vile vile kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, kisha akashusha bastola na kuirudisha mahali pake.

Alimshika Abalo mkono, akamwinua na kumrudisha garini mwenyewe. Alipofika dirishani kwetu midomo ilikuwa imemkauka. Alisema taa moja ya nyuma haiwaki, tuitengeneze. Hata leseni hakuitaka. Akaondoka.

Abalo alipangusa magoti, akapakata sufuria yake. Alikuwa amefurahi.

"Mnamwogopa bure," alisema. "Mtoto wa watu ana adabu. Nimemsalimia, naye akaniinua. Safari nyingine nitashuka mapema, kabla hajasumbuka kuja."

Hakuwa ameona kitu. Macho yake yalikuwa chini muda wote. Hilo neno, safari nyingine, lilinitisha, nikawa natafuta pa kuanzia. Oryem akanitangulia.

"Abalo, alikuelekezea bastola."

"Mimi? Huku nimepiga magoti?"

"Huku umepiga magoti."

 Abalo hakuniangalia mimi, alimwangalia mumewe, kisogoni.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa," alisema Oryem. "Nilikuwa hapa, nimekaa."

Abalo alifungua mlango tena, akashuka na sufuria yake, akashika njia ya kanisani kwa miguu. Tulimtazama mpaka alipofika darajani.

"Aber," Oryem aliniuliza, "sasa naruhusiwa kushuka?"