Chaneli Iliyojibu Mara Mbili

Mimi na kaka yangu mkubwa tulichagua chaneli, mihimili ya chuma ya kubebea mizigo, kwa masikio. Mimi nilisimama ncha hii na nyundo, yeye ncha ile, sikio kwenye chuma. Nikigonga, alisikiliza mlio kisha akajibu kwa kugonga: mara moja maana yake tuinunue, mara mbili tuiache. Wauza vyuma walitucheka mpaka wakachoka, lakini hakuna kazi yetu iliyowahi kupinda.

Tangu tumzike nachagua peke yangu. Juzi nilikwenda kutafuta chaneli mbili za kulaza juu ya chumba cha mama, zibebe tangi la maji. Nilipima unene kwenye ncha, milimita sita. Zilikuwa zimenyooka, zina rangi mpya. Mazoea yana taabu, nikaigonga moja.

Ncha ya pili ikajibu. Mara mbili.

Nilizunguka kutazama. Kule kulikuwa na ukuta mtupu.

"Nani yuko huku nyuma?" nilimuuliza muuzaji.

"Labda panya. Kwani fundi, unanunua chuma au unakipigia hodi?"

Wateja wakacheka, nami nikakasirika, maana sipendi kuonekana mwoga. Kipimo changu kilisema sita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe yuko kaburini, nikajiambia. Nikazilipia zote mbili.

Nilizichomelea, nikapandisha tangi. Mchana mama akaingia kujilaza, mimi nikafungulia maji nikiwa uani. Tangi lilikuwa linakaribia kujaa mama alipotoka, macho yamejaa usingizi.

"Mbona unagonga mlango halafu huingii?"

"Sijagonga, mama."

"Mlango umegongwa mara mbili. Nimeamka kufungua."

Nyuma yake chuma kikalia. Tangi likashuka na paa, likatua kitandani.

Nilimkumbatia mama. Vumbi lilipotulia niliona chaneli moja imekatika katikati, pale vipande viwili vilipoungwa, kiungo kikalainishwa na kufunikwa rangi. Ncha zake zilikuwa nzima, milimita sita kila moja.

Mama hakukitazama kitanda. Alitazama mlangoni, maji yanapomwagika.

"Mwambie ndugu yako aingie," alisema. "Amesimama pale analowa."