Mji wa Makoleo

Mfuniko wa sufuria unalia tik gizani, maharage yanapoa jikoni, na mimi nimelala ubavu na mwanangu Asmini kifuani, mkono mmoja chini ya shingo yake, mwingine mgongoni, na swali la Mwalimu Kidayi wa kemia halitaki kulala: metali ya kobalti imeshikwa na ligandi koleo, yaani molekuli inayoikumbatia kama koleo, imebanwa sehemu tatu, kampaundi inapoteza elektroni moja, rangi inabadilika, je, elektroni imetoka wapi? Kesho jioni nalijibu kwa mdomo mbele yake. Nikishindwa narudia mwaka, na wifi yangu Mwanamvua ameshasema, mtoto huyu nakushikia mwaka huu tu, wifi, mwakani nami naingia kazini. Tik, mfuniko unalia tena, na mlango wa jikoni unafungukia barabarani.

Barabara haina mwisho, natembea, miguu mizito kama nimetoka kufua mablanketi, hadi nafika mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo mtu amekaa na mwenzake amemkumbatia, mikono miwili na kifua, sehemu tatu, wote njano kama ganda la limau. Mlangoni amesimama mtu wa koti jeupe asiye na uso, mahali pa uso pana ngozi tupu kama kiganja. Karibu, mama wa darasa la jioni, ananiambia, ndiyo unakuja maabara na kandambili? Nisamehe, kaka, nataka tu njia ya kurudi kwa mwanangu. Njia ipo, anasema, niambie kwanza kati ya hawa wawili nani katoa elektroni. Anagusa jozi iliyo karibu, anachomoa kitu kidogo kama cheche, na wote wawili wanageuka kijani. Najibu kama tufanyavyo darasani siku zote, ligandi tunaipa chaji yake ile ile, mabadiliko yote tunaiandikia metali: katoa aliyeshikwa. Asiye na uso anapiga makofi. Hodari wa hesabu! Na barabara inajikunja kama shuka, niko tena mlango wa jikoni, natembea upya, miguu mizito, vioo, njano, cheche, kijani, nani katoa? Aliyeshikwa, kaka, si ndivyo tunavyofanya? Makofi. Mlango wa jikoni. Natembea nikilia kidogo, kilio cha usingizi tu.

Safari hii nikifika siwezi kusimama, nakaa chini, na ndipo naona sikuja mikono mitupu, Asmini yupo kifuani, muda wote nimembeba. Asiye na uso ananyoosha kidole. Mtoto usimguse, kaka, tafadhali. Cheche inachomoka, na vioo vyote vinatuonyesha sisi wawili tukiwa kijani. Namkagua mwanangu, pumzi ile ile, joto lile lile, uzito ule ule begani. Anayetetemeka ni mimi. Mimi niliyeshika, nasema polepole, ndiye niliyetoa, yeye hajapoteza kitu. Hakuna makofi. Ehe, anasema, na sauti yake sasa ni ya wifi Mwanamvua, na ukirudishiwa utapokea, au utasema hujachoka? Hilo hatujafundishwa. Natazama vioo, jozi za kijani zinarudishiwa cheche zao, zinakuwa njano tena, wala hakuna aliyemwachia mwenzake. Nitapokea, nasema, na mlango wa jikoni unanijia wenyewe.

Tik. Pambazuko linapita kwenye pazia letu la kijani na mikono yangu ni kijani, sijui ni pazia au bado niko kule, ila jibu liko mdomoni, zima, nalionja. Najaribu kuinuka niwashe jiko, na mikono miwili midogo inanizunguka shingoni, kifua kidogo kinagandamia changu, na Asmini, macho bado ameyafumba, anasema: Mama, lala kidogo, nimekushika.