Mmoja wa Waimbaji

Ijumaa ile gazeti letu lilipotoka, mji wa Gorna Lipa ulilisoma ukiwa umesimama wima barabarani. Ralev, mwalimu wa kwaya ya wanawake, yule aliyewapeleka mpaka mji mkuu, Sofia, wakarudi na kombe, alikuwa amefikishwa mahakamani akishtakiwa kumshambulia kingono mmoja wa waimbaji wake. Habari ilikuwa fupi. Ilisema Ralev anakana mashtaka, ikamnukuu wakili wake, ikataja kesi ingesikilizwa lini. Kuhusu mwanamke mwenyewe ilikuwa na maneno matatu tu: mmoja wa waimbaji.

Aliyeiandika ni Radostina Mincheva, na hakuiandika kwa pupa. Alikuwa amekaa na mwanamke yule mara kadhaa, akasoma nyaraka za kesi, akazungumza na dada wa mwanamke huyo, ambaye aliambiwa siku ileile ya tukio. Kabla gazeti halijaenda kuchapwa, alimwonyesha yule mwanamke kila mahali alipotajwa. Umri ukatolewa. Kazi ikatolewa. Hata wimbo aliozoea kuuimba peke yake mbele ya wenzake ukatolewa, maana kwa wimbo ule hata mtoto angemtambua.

Mhariri, mzee Spasimir, alinung'unika. "Rada, kuku huyu umemnyonyoa mpaka ngozi."

"Lakini bado ni kuku, bosi."

Spasimir alicheka, akaipitisha.

Sasa mji mdogo ukinyimwa jina hujitafutia wenyewe. Jumamosi jioni walikuwa wameshalipata: Ginka Stoeva, mwenye kibanda cha banitsa, ile mikate ya tabaka yenye jibini, pale stendi ya mabasi. Si aliacha kwaya ghafla tangu majira ya kuchipua? Kwa nini aache ghafla hivyo? Basi ndiyo hiyo! Ukweli ni kwamba Ralev alitaka wote wavae viatu virefu jukwaani, na magoti ya Ginka yalikataa. Lakini nani ahangaike kumuuliza mtu habari za magoti?

Jumatatu Ginka aliingia ofisi ya gazeti na aproni yake, unga umemjaa mpaka viwikoni.

"Nani kati yenu ni Radostina?"

"Ni mimi, shangazi. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa hasira itapoa." Akakaza fundo la aproni. "Mwanangu, tangu Jumamosi hakuna hata mtu mmoja aliyenikoromea kwamba banitsa imepoa. Pencho, yule dereva wa basi anayegombana hata na kivuli chake, ameniletea maua. Maua! Mkewe mwenyewe hajawahi kuyaona. Wanawake wakifika kibandani wananishika mkono na kuniangalia kama maiti anayeagwa. Andika kwamba si mimi."

Spasimir aliruka kitini kama aliyekalia msumari. "Tutaandika! Picha ukurasa wa kwanza, na juu yake: 'Si Mimi, Asema Ginka'. Gazeti litaisha kabla watu hawajanywa kahawa!"

"Bosi, tafadhali niachie kidogo," Radostina alisema. Akamimina kahawa vikombe viwili, kimoja akakisogeza upande wa pili wa meza. Ginka alikitazama, akakaa.

"Shangazi, tuseme nimeandika si wewe. Kesho yake mji utafanya nini?"

"Utaniacha nipumue."

"Na ukishakuacha?"

Ginka alikizungusha kikombe mezani. "Utamtafuta mwingine."

"Na huyo mwingine naye atakuja hapa. Nitamkataliaje, na wewe nilikukubalia? Nyinyi si wengi. Tutawachekecha mmoja mmoja kama unga, na atakayebaki kwenye chekecheo ndiye."

Nje lori lilipita, vioo vikatikisika.

"Kwa hiyo mimi ndiye nibebe?"

"Unaonewa, shangazi, wala sitakudanganya. Hapa gazetini sitaandika jina lako. Nitawaambia watu waache kubahatisha, maana wanawaumiza hata wasiohusika. Lakini mdomo ni wako. Ukisimama stendi ukatangaza si wewe, hakuna wa kukuzuia, na mimi sitakulaumu."

"Basi niambie mimi peke yangu. Ni nani?"

"Hapana."

"Hata sikioni?"

"Hata sikioni."

"Huyu bosi wako anajua?"

"Sijui," Spasimir alijibu kutoka mezani kwake, "na inaniuma kuliko jino."

Ginka alicheka bila kutaka, akamaliza kahawa, akaaga. Hakusema angefanya nini, na Radostina hakumuuliza.

Wiki ile Radostina aliandika aya chache za kuwaomba watu waache kunyoosheana vidole. Spasimir ndiye aliyeziweka ukurasa wa kwanza. Aliondoa tangazo la matairi ili zipate nafasi, akapiga simu mwenyewe kumtuliza mwenye matairi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuchoma na kumenya pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi. Nyua zote za maghorofa zilifuka moshi mtamu, na kina mama walitoa nje majiko, mabeseni na chupa za rakia, pombe kali ya matunda, ya kuonja tu. Radostina alikuja kumsaidia mama yake, aliyekaa katika jengo walimoishi nusu ya wanakwaya. Ginka alikuwepo. Mwanamke yule wa kesi naye alikuwepo, mikono imeiva kwa wekundu wa hoho kama ya wenzake. Alikuwa yupi, Radostina hajaniambia, nami sijamuuliza.

Walimenya, wakapiga soga, wakaimba kidogo. Kisha Mitka, jirani ambaye ulimi wake hauna breki, akamsogelea Ginka.

"Ginka, dada yangu, hapa ni sisi kwa sisi. Tuambie tu tukuliwaze. Ni wewe?"

Visu vilisimama. Radostina aliinamia beseni, akaikazia macho hoho moja kana kwamba imeandikwa kitu. Alijua neno moja tu, "hapana", lingetosha kuanzisha uchekechaji palepale uani, uso kwa uso.

Ginka aliendelea kumenya. "Mitka, ningeibiwa pochi ungeuliza nini?"

"Ningeuliza mwizi ni nani, ningeuliza nini kingine?"

"Ehe. Sasa hapa mwizi mnamjua kwa jina, kasimama mahakamani, na nyinyi bado mnahangaika kumtafuta aliyeibiwa."

"Mshtakiwa," Radostina alijikuta akisema kwa mazoea ya kazi, "bado ni mshtakiwa." Ua mzima ukaangua kicheko.

Mitka hakuachia. "Lakini ni wewe au siyo?"

"Huenda ni mimi. Huenda ni wewe. Unaimba, huimbi?"

"Naimba."

"Basi. Menya hoho, zikipoa ngozi inang'ang'ania."

Mitka aliona haya mpaka masikioni. Baada ya muda akauliza chumvi iko wapi, mtu akampa, na siku ile swali lile halikurudi tena.

Kesho yake asubuhi simu ya Radostina ililia. Alikuwa yule mwanamke.

"Nilikuwepo," alisema.

"Nilikuona."

"Mitka alipouliza nilidhani nitaanguka. Halafu Ginka akajibu vile, nikajikuta nacheka na wengine. Nimecheka, Rada. Tangu lini mimi sijacheka?" Akavuta pumzi. "Nataka kumshukuru."

"Ukimshukuru atajua."

"Ndiyo maana nakupigia. Nifanyeje?"

Radostina alikuwa na maoni yake, akayameza. "Siri ni yako. Mimi kazi yangu ni kutoimwaga. Kuitoa ni juu yako, siku utakayotaka."

"Bado, basi. Lakini siku itafika."

Februari mahakama ilimtia Ralev hatiani. Alikata rufaa, akashindwa. Radostina aliandika yote mawili, na mwanamke akabaki mmoja wa waimbaji. Pale stendi mji ulikuwa umechoka kubahatisha, na Pencho alikuwa amerudia kugombana.

Miti ilipoanza kuchanua, yule mwanamke alimpigia tena Radostina. Safari hii sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Nimemwambia Ginka."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alifunga kibanda mchana kweupe, wateja wamesimama foleni, akanishika mkono tukatembea mpaka mtoni. Tukakaa. Baadaye akaanza kunisimulia jinsi mumewe alivyowahi kutumbukia pale na baiskeli."

Radostina alicheka, akamwambia amsalimie. Hiyo hakuiandika popote.